Kuaminiana Kazini: Neno Linaloshuka na Neno Linalopanda

Kata ya Unyambwa imo katika Manispaa ya Singida. Jina lake, kama yale ya Unyamikumbi na Unyianga, limetoka katika lugha ya Wanyaturu. Wengi wa wakazi wake ni wakulima na wafugaji: hulima mtama, uwele, mahindi na alizeti, na hufuga ng'ombe, mbuzi na kuku. Mvua huko hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa hiyo palizi haingoji. Katika sehemu nyingi za nchi kavu kama hii watu wamezoea tangu zamani kuitana shambani. Mwenye shamba huandaa pombe ya nafaka, majirani huja na majembe, na kazi ambayo ingemchukua mtu mmoja wiki nzima humalizika kabla jua halijapinda.

Kazi ya namna hiyo haihitaji maneno mengi. Kila mmoja anaona kwa macho yake matuta yaliyobaki. Aliyechelewa anaonekana, na anayetega anaonekana vilevile. Mwenye shamba naye hana pa kujificha, kwa kuwa pombe yake ikiwa haba, watu wote watajua jioni ileile na mwaka ujao hawatakuja. Kuaminiana kwao kunatokana na kuonana.

Mambo hubadilika kazi inapogawanywa mno hata wafanyao kazi pamoja wasiweze kuonana. Muuguzi wa zahanati humpa mgonjwa dawa iliyoandikwa na tabibu ambaye hakumwona akiandika. Dereva wa basi huendesha gari lililofungwa breki na fundi aliyekwisha kwenda nyumbani kulala. Mkuu wa shule hutia sahihi hesabu zilizojumlishwa na mhasibu. Hapo jicho halifiki, na kilichobaki ni neno. Swali ambalo wanasayansi wa tabia za watu wamelichungua kwa miaka zaidi ya sabini sasa ni hili: neno hilo lipite vipi hata watu wasioonana waaminiane?

Mashine inayolia vibaya

Chukua mfano wa kubuni, ambao hata hivyo hautakuwa mgeni kwa mtu yeyote aliyekwisha kuingia katika kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, na mkoa wa Singida unavyo viwanda vingi vya namna hiyo. Ndani ya mashine ya kukamua mna parafujo kubwa ya chuma inayozunguka katika bomba lenye nyufa nyembamba. Mbegu husukumwa mbele na kubanwa. Mafuta huchuruzika kwenye nyufa, na mashudu hutokea mwishoni. Kokoto au msumari ukiingia pamoja na mbegu, parafujo hukwaruzika, na ikiachwa iendelee kuzunguka inaweza kuharibika kabisa.

Kibarua anayemimina mbegu ndiye wa kwanza kusikia mlio usio wa kawaida. Juma lililopita alisikia mlio kama huo akasema, “Mzee, mashine inalia vibaya.” Msimamizi akaisimamisha, akafungua, hakuona kitu, akamwambia mbele ya wenzake kwamba anatafuta njia ya kupumzika. Leo mlio umerudi. Kibarua anautazama mlango wa ofisi, anawatazama wateja waliopanga magunia, kisha anaendelea kumimina. Saa moja baadaye parafujo imekatika. Msimamizi anapiga kelele: “Mbona hukusema?”

Wengi watasema kwamba kosa ni la kibarua, na wengine kwamba ni la msimamizi. Mwanasayansi huuliza jambo jingine kwanza, yaani habari ilikatikia wapi. Katika kiwanda hiki maneno ya kushuka yapo tele: mimina, funga gunia, fanya haraka. Njia ya neno kupanda ilikuwapo pia, lakini ilizibwa juma lililopita kwa sentensi moja. Tena iliyoizibua haitakuwa tangazo la ukutani linalowahimiza wafanyakazi kusema ukweli, kwa sababu kibarua hakuwa mwongo. Alikuwa amejifunza tu, kama kiumbe yeyote anavyojifunza, kwamba kusema kuna gharama na kunyamaza hakuna.

Jaribio la mistatili sita

Mwaka 1951 wataalamu wawili wa Kimarekani, Harold Leavitt na Ronald Mueller, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo uzuri wake ni urahisi wake. Mwalimu alipewa karatasi yenye mchoro wa mistatili sita iliyogusana kwa namna mbalimbali. Kazi yake ilikuwa kuueleza mchoro huo kwa maneno matupu ili wanafunzi wauchore bila kuuona. Maelezo yalitolewa katika hali nne. Katika hali ya kwanza mwalimu alifichwa nyuma ya ubao na wanafunzi hawakuruhusiwa kutoa sauti. Katika ya pili waliweza kuonana, lakini wanafunzi walikaa kimya. Katika ya tatu wanafunzi waliruhusiwa kujibu “ndiyo” au “hapana” tu. Katika ya nne waliweza kuuliza lolote na kumkatiza mwalimu wakati wowote.

Kama mtu angetazamia, usahihi wa michoro uliongezeka kutoka hali ya kwanza hadi ya nne. Lakini mambo mengine matatu yalionekana, na hayo ndiyo yanayohusu kuaminiana.

Kwanza, wanafunzi walioruhusiwa kuuliza hawakuwa sahihi zaidi tu. Walikuwa pia na hakika zaidi na kazi yao. Wale waliofungwa midomo walichora wakiwa na shaka, na baadhi yao walionyesha chuki kwa mwalimu, ingawa mwalimu huyo hakuwa amewakosea lolote ila kwa kutosikika kwake kama mtu anayesikia. Hili ni jambo la kutazamwa kwa makini. Watu wale hawakuwa na ugomvi wa zamani, wala mishahara ya kugombania. Chuki ilizaliwa na umbo la mazungumzo yenyewe, katika muda wa dakika chache.

Pili, maswali yalikula wakati. Hali ya nne ilichukua muda mrefu kuliko ya kwanza, na msimamizi yeyote anayesema kwamba hana nafasi ya kusikiliza kila mtu anasema kweli kuhusu siku ile. Hata hivyo kadiri watu walivyozoeana, muda huo ulipungua.

Tatu, mwalimu aliyekwisha kuulizwa maswali na kundi fulani, aliporudishwa katika hali ya kimya, alieleza vizuri zaidi kuliko mwanzo. Maswali yalikuwa yamemfundisha jinsi maneno yake yanavyosikika katika kichwa cha mtu mwingine, na wanafunzi nao walikuwa wamejifunza lugha yake.

Habari inayorudi kwa aliyeipeleka ndiyo inayoitwa mrejesho. Wanafunzi wa fizikia wanaijua kanuni hiyo katika jokofu: kipimajoto kilichomo ndani hupeleka habari kwenye swichi, mota ikazimwa au ikawashwa. Ukikata waya wa kipimajoto, mota haitajua la kufanya hata kama ni mpya. Mwaka 1948 mwanahisabati Norbert Wiener alionyesha katika kitabu chake juu ya elimu ya udhibiti kwamba kanuni hiyo hutawala mitambo na viumbe vilevile. Tofauti moja ni kwamba kipimajoto hakiogopi.

Kwa nini wanaokosea sana huenda ndio wazuri

Hofu hiyo ilipimwa bila kukusudiwa. Amy Edmondson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichunguza makosa ya kutoa dawa katika wodi nane za hospitali mbili za Marekani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1996. Alitazamia kwamba wodi zenye uongozi mzuri na ushirikiano mzuri zingekuwa na makosa machache. Hesabu zikaonyesha kinyume: wodi zilizosifiwa ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyoandikwa.

Je, uongozi mzuri huleta uzembe? Edmondson hakuridhika na jibu hilo. Uchunguzi zaidi ulionyesha kwamba tofauti ilikuwa katika kusema. Katika wodi zenye uongozi mzuri, muuguzi aliyekosea kipimo cha dawa alieleza upesi, wenzake wakajifunza na mgonjwa akaangaliwa. Katika wodi za viongozi wakali makosa yalifichwa, na daftari likabaki safi. Mwalimu wa hesabu anaweza kuutumia mfano huu kuwaonyesha wanafunzi kwamba namba ndogo katika safu ya makosa inaweza kuwa na maana mbili zinazopingana, na kwamba kabla ya kuifurahia inafaa kumwuliza aliyeandika.

Mfano wa kutisha kuliko yote wa neno lililoshindwa kupanda ulitokea tarehe 27 Machi 1977 katika kiwanja cha ndege cha Los Rodeos, kisiwani Tenerife. Ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan American, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, katika ukungu mzito. Rubani mkuu wa KLM, mtu mwenye cheo cha juu aliyekuwa akiwafundisha marubani wengine, alianza kuiondoa ndege bila ruhusa ya mnara. Mhandisi wa ndege, aliyekaa nyuma yake, aliuliza kama ile ndege nyingine ilikuwa bado haijatoka njiani. Rubani alijibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Watu 583 walikufa, na hiyo imebaki ajali kubwa kuliko zote za ndege za abiria katika historia.

Mhandisi yule alikuwa na habari iliyo sahihi, alikuwa na lugha, na umbali kati yake na mkubwa wake haukuzidi hatua mbili. Kilichokosekana ni desturi ya kuuliza mara ya pili. Kuanzia miaka ya 1980 mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani mambo mawili kwa pamoja: wasaidizi wajifunze kusema kwa nguvu zaidi wanapoona hatari, na wakubwa wajifunze kuomba kuambiwa. Somo la pili, yaonekana, ndilo gumu zaidi.

Chumba cha upasuaji cha Ifakara

Kutoka kwenye ndege mafunzo hayo yalihamia hospitalini, na hapo Tanzania ina sehemu yake ya heshima. Shirika la Afya Duniani lilipotunga orodha ya ukaguzi ya kutumiwa kabla, wakati na baada ya upasuaji, liliijaribu katika hospitali nane duniani, kuanzia Oktoba 2007 hadi Septemba 2008. Baadhi zilikuwa katika miji tajiri kama Toronto, London na Seattle. Moja ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, mkoani Morogoro.

Orodha ile ina mambo 19 na haijazi hata ukurasa mmoja. Husomwa kwa sauti mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa nusukaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Mengi ya mambo hayo ni yale ambayo kila daktari angesema anayajua tayari. Je, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Ni mguu wa kulia au wa kushoto? Je, dawa ya kuzuia vijidudu imetolewa? Je, hesabu ya sindano na vitambaa imetimia?

Miongoni mwake limo jambo moja ambalo mwanzoni baadhi ya wapasuaji wangeweza kuliona la kitoto: kabla ya kukata, kila mtu aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Daktari bingwa anataja, mtoa nusukaputi anataja, na muuguzi mdogo aliyeanza kazi jana anataja. Maana yake ni kubwa kuliko adabu. Mtu aliyekwisha kusikika sauti yake mara moja mbele ya wakubwa huona wepesi zaidi kusema mara ya pili, pale anapoona kitambaa kimoja kimepungua katika hesabu. Kwa lugha ya Leavitt na Mueller, chumba kimetolewa katika hali ya kwanza na kutiwa katika ya nne, na gharama yake ni chini ya dakika moja.

Matokeo yalitangazwa Januari 2009. Wagonjwa 3,733 walikuwa wamefuatiliwa kabla ya orodha kuanza kutumika, na 3,955 baadaye. Kwa hospitali zote nane zikijumlishwa, vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakukununuliwa mashine mpya ya thamani kubwa.

Msomaji mwenye akili ya kisayansi atauliza kama haya hayakusababishwa na jambo jingine, kwa kuwa huu ulikuwa ulinganisho wa kabla na baada tu. Ni swali la haki, na jibu lake halikuwa la kufurahisha. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa hospitali 101 za jimbo la Ontario, nchini Kanada, ambako orodha ilikuwa imeagizwa kutoka juu. Humo vifo vilishuka kutoka asilimia 0.71 hadi 0.65 tu, tofauti ambayo ingeweza kuwa ya bahati. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu. Maelezo yaliyo karibu na ukweli, kwa kadiri ushahidi mwingine unavyoonyesha, ni kwamba kuweka alama kwenye karatasi na kuzungumza ni vitu viwili mbalimbali. Orodha inaweza kujazwa na mtu mmoja peke yake, kimya, mwisho wa siku. Ikijazwa hivyo inakuwa amri nyingine ya kushuka.

Msitu wa Mgori

Inafaa kurudi Singida, kwa sababu mkoa huo una ushahidi wake wenyewe, na wa mahali pa kazi pasipo na kuta. Msitu wa miombo wa Mgori una zaidi ya hekta 40,000. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango wa serikali, hapo kama kwingineko nchini, ulikuwa kuuhifadhi kwa kuwazuia watu, na maofisa wa misitu waliotakiwa kuulinda walikuwa wachache mno kwa eneo kubwa kama hilo. Mwanakijiji alipomwona ofisa alimwona mkamataji. Ofisa alipomwona mwanakijiji mwenye shoka alimwona mwizi. Kati ya watu wa namna hiyo, nani atamweleza mwenzake ukweli kuhusu mahali magogo yanapokatwa?

Katikati ya miaka hiyo, kufuatia mfano wa msitu wa Duru-Haitemba wilayani Babati, njia ilibadilishwa. Vijiji vitano vinavyouzunguka Mgori viliulizwa vingeutunzaje msitu, kisha vikaachiwa kutunga masharti yao na kuchagua walinzi wao. Ofisa wa misitu akawa mshauri. Habari za nani anakata wapi zilianza kupanda, kwa kuwa sasa zilikuwa habari za mali ya kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikuja baadaye ikaitambua misitu ya vijiji nchi nzima. Si kwamba ugomvi uliisha, wala mkaa haukuacha kuchomwa. Lakini wale waliofanya kazi pande zote mbili walikuwa na sababu ya kusemezana, jambo ambalo doria peke yake haikuwahi kulileta.

Viwandani nako Tanzania ilikwisha kulijaribu jambo hili mapema. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 ukawakataza viongozi majivuno na uonevu. Wafanyakazi waliusoma Mwongozo kwa makini kuliko baadhi ya mameneja wao. Tangu 1971 hadi 1973 kazi zilisimama mara nyingi viwandani, na aghalabu lalamiko halikuwa mshahara bali namna watu walivyosemeshwa. Mabaraza mengi yalikuwa mahali pa kutangazia mipango iliyokwisha kukatwa, na mfanyakazi hakosi kutambua kikao ambacho swali lake halibadilishi kitu. Mabaraza ya wafanyakazi yangaliko katika taasisi za umma hata leo, na kipimo chake ni kilekile.

Jaribio darasani

Jaribio la mwaka 1951 laweza kurudiwa katika shule yoyote ya sekondari kwa karatasi na rula. Mwalimu achore michoro miwili ya mistatili sita iliyo sawa kwa ukubwa, kila mmoja ukigusa mwingine kwenye pembe au katikati ya ubavu. Michoro yote miwili iwe na ugumu unaokaribiana. Mwanafunzi mmoja aueleze mchoro wa kwanza akiwa amewapa wenzake mgongo, nao wakae kimya kabisa. Mchoro wa pili aueleze akiwa amewaelekea, nao waulize watakavyo. Muda wa kila zamu uandikwe.

Kabla ya majibu kuonyeshwa, kila mchoraji aandike ni mistatili mingapi anayoamini kuwa ameiweka mahali pake. Kisha ahesabu ile aliyoiweka sawa kweli. Darasa litakuwa na safu tatu za namba: muda, usahihi na hakika, na wastani wa kila moja unaweza kuchorwa kwa grafu. Nusu ya darasa ianze na hali ya maswali na nusu nyingine ianze na hali ya kimya, ili mazoea yasiharibu ulinganisho. Mwishoni yule aliyekuwa akieleza aulizwe ni zamu ipi aliyodhani kwamba ameeleweka vizuri, na jibu lake liandikwe ubaoni kando ya zile namba.